Jinsi Nilivyowaliza Waumini wa Namakwekwe

Ndugu zangu, leo nimeaibika, na ushahidi nimeubeba kwenye paji la uso.

Msiombe picha. Hamtaipata.

Mnanijua. Augustino, askari magereza mstaafu, katekista wa kigango chetu hapa Kimaka, Jinja. Mnajua na sifa yangu: naliza watu. Nikihubiri Kwaresima, wanaume waliokwenda vitani hutafuta leso. (Mke wangu anasema wanalia kwa sababu sinyamazi. Tumwache.)

Wiki tatu zilizopita, katekista wa Namakwekwe kule Mbale alifariki. Mzee Donato. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi hii nilipovua gwanda. Juzi padri wa huko akanipigia simu.

"Augustino, Jumatano ya Majivu nitakuwa vigango vya mlimani. Nenda Namakwekwe ukaongoze ibada. Watu wakikupokea, nyumba ya katekista ni yako, hamia kabla ya Jumapili."

Kigango kile kinasali kwa Kiswahili. Ni mapolisi, askari magereza, familia za wanajeshi, na Wakenya wa malori na maduka. Makabila kumi, hawana lugha nyingine ya kukutania. (Wazee wa mtaa wakisikia Kiswahili kinatoka kwa wingi mahali pamoja, bado hufunga mlango kwanza ndipo waulize kama ni wimbo. Yaliyowapata zamani kwa askari waliokizungumza wanayajua wenyewe.)

Siwafichi. Padri aliposema "nyumba", sikusikia tena habari ya watu.

Nilifika jana mchana. Mjane wa Donato, Mama Perpetua, alinipokea vizuri. Akanipa chai na mihogo, akanionyesha mkeka wangu sebuleni. Mwanamke mfupi, mkimya, kanga nyeusi kichwani. Alipotoka kwenda kuteka maji, nilisimama. Nikapima sebule kwa hatua. Sita kwa tano. Kochi letu lingeingia, kabati lingekaa pembeni. Nilikuwa narudia hesabu upande wa dirisha nilipogundua kwamba mama amerudi na amesimama mlangoni na mtungi wake.

Akaweka mtungi chini.

"Majivu aliyaacha tayari marehemu," akaniambia. "Yako kwenye chombo, nyuma ya mlango. Kesho nitakupa."

"Asante, Mama."

Ningengoja anipe, msingekuwa mnasoma habari hizi.

Leo asubuhi niliamka na moto wa mahubiri. Nilitaka kwenda kanisani mapema nifanye mazoezi watu hawajafika. (Ndiyo, nafanya mazoezi. Mnadhani machozi yanakuja yenyewe?) Chumba cha mama kilikuwa bado kimefungwa. Nikasema, ya nini kumsumbua mfiwa? Nikaenda jikoni. Nyuma ya mlango, kweli, kopo. Kopo kubwa la maziwa ya unga, kifuniko kimefungwa kwa mpira. Nikafungua. Majivu! Ya kijivu, laini, yana weupe weupe ndani. Nikasema Mzee Donato, hata kufa umekufa kwa mpangilio. Nikalibeba.

Ibada ilikuwa saa sita mchana ili watu watoke kazini na madukani. Nanyi mnaijua Mbale ya kiangazi. Bati juu, jua juu ya bati. Watu kama sitini, wamebanana, wanatiririka jasho.

Nyuma ya madhabahu nilimimina majivu kwenye sahani, nikaongeza maji ya baraka, nikakoroga. Sahani ikapata joto. Naapa, ilipata joto mkononi mwangu! Mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi nilifumba macho nikasema, "Asante Bwana, umeshuka."

Sasa sikilizeni nilivyoongeza kosa juu ya kosa. Utaratibu ni kwamba unasoma injili, unahubiri, halafu ndipo unapaka majivu. Mimi nikageuza. Nikapaka kabla ya kuhubiri. Kwa nini? Nilitaka wanisikilize huku kila mtu anaona msalaba mweusi usoni mwa jirani yake. Niliona itawagusa zaidi.

Iliwagusa.

Nikasoma injili ya siku, ile ya kwamba mtu akifunga asijionyeshe kwa watu, bali ajipake mafuta na anawe uso. Nikaisoma kwa madaha, nikijionyesha. Kisha wakaja mstari mmoja. Nilipaka misalaba mipana, minene, si ile ya kubania. Kila mmoja nikamwambia kwamba ni mavumbi na mavumbini atarudi. Kidole gumba changu kimeshika funguo za gereza miaka ishirini na mbili. Hakisikii baridi, hakisikii moto. Nikamaliza kwa kujipaka mimi mwenyewe, msalaba mkubwa kuliko yote.

Nikaanza kuhubiri.

Dakika ya tano, naona Afande Okiror anapangusa jicho. Huyu ndiye mwenyekiti wa kigango, polisi wa zamani, Mteso kwa kabila, mrefu kama nguzo ya simu, sura ya mtu aliyemaliza kulia akiwa na miaka minne. Anapangusa jicho! Moyo wangu ukaruka. Nikapandisha sauti.

Dakika ya saba, benchi zima la wanawake wanavuta kamasi. Mbele yangu mama mmoja anatikisa kichwa huku na huku, machozi mashavuni. Nikasema moyoni, Mzee Donato alikaa hapa miaka yote na hakuwahi kuona kitu kama hiki.

Nikapiga meza.

"Msifute machozi!" nikanguruma. "Msiguse uso! Acheni yatiririke!"

(Hapo ndipo mke wangu, nilipomsimulia, alipoinuka akaenda kukaa chumba kingine.)

Nyuma kabisa akasimama Barasa, dereva wa lori kutoka Bungoma.

"Katekista, inachoma!"

"Ndiyo!" nikamjibu. "Dhambi inachoma!"

"Si dhambi, bwana! Ni hii kitu umepaka!"

"Usibishane na Roho, ndugu yangu! Kaa!"

Akakaa. Jamani, akakaa! Hapo nilijisikia nabii.

Afande Okiror akainuka. Jasho lilikuwa limeteremsha majivu mpaka kwenye nyusi, na kutoka kwenye nyusi mpaka ndani ya jicho la kulia. Amelishika kwa viganja viwili, anayumba.

"Jicho, Katekista," akaniambia, kwa sauti ndogo ambayo haikufanana na mwili wake. "Jicho langu."

Na mimi, kwa kinywa hiki, mbele ya watu sitini, nikaanza: "Jicho likikukosesha..."

Sikumaliza. Mungu alinihurumia kwa kuniunguza.

Moto ulianzia katikati ya paji langu la uso. Kwanza kama upupu. Halafu kama sigara. Nikagusa, ngozi ikateleza chini ya kidole. Nikawatazama watu, na kwa mara ya kwanza tangu niingie mle ndani nikawaona. Misalaba haikuwa myeusi. Ilikuwa myekundu. Pembeni imevimba. Mtoto mmoja wa kike mgongoni mwa mama yake alikuwa analia kilio kile cha juu, kikavu, ambacho mtoto hakitoi kwa ajili ya mahubiri.

Kisha sauti ya Barasa:

"Injili imesema tunawe uso! Umeisoma mwenyewe! Tunaweni!"

Mlango ukawa mdogo. Benchi zikaanguka. Wengine walikimbilia bakuli la maji ya baraka pale mlangoni wakalikausha. Wengine nje, kwenye bomba la jirani muuza mkaa, wakagombania ndoo. Bomba linatoa uzi wa maji, mnajua kiangazi. Nilimshika Afande mkono nikamvuta nje huku kope zangu mwenyewe zinaungua. Njia nzima alikuwa anasema neno moja kwa Kiteso. Sikulielewa, na sikuuliza.

Mama Perpetua alikuwa anaingia uani. Mkononi ameshika chupa ndogo. Alitutazama mara moja tu.

"Mlaze chini," akaniambia. "Chini! Mgeuze upande."

Alichukua mtungi kwenye kichwa cha mwanamke aliyekuwa anapita njiani, hakuomba. Akapiga magoti kwenye vumbi, akamfungua Afande jicho kwa vidole, akamimina maji taratibu, kutoka puani kwenda sikioni. Mtungi ukaisha, akaita mwingine. Huo ukaisha, akaita mwingine. Kina Barasa walipanga mstari wa kumletea. Mimi nilikuwa nimesimama na joho langu jeupe, sina kazi.

Bila kunitazama akauliza, "Mmepaka nini?"

"Majivu, Mama. Ya Mzee."

"Ya Mzee ninayo hapa." Akanyanyua kidevu kuelekea ile chupa, aliyoiweka juu ya jiwe. "Ulipaka nini?"

Nikaingia kanisani nikaleta kopo. Kutoka madhabahuni mpaka uani ni hatua ishirini hivi, na watu wote sitini walinisindikiza kwa macho yao mekundu.

Akalitazama.

"Hilo ni kopo la choo."

Hata muuza mkaa alifunga bomba ili asikie.

"La... choo?"

"Majivu na chokaa. Namwaga shimoni kila jioni kukata harufu. Nani alikupa?"

"Nilichukua mwenyewe. Nyuma ya mlango."

"Mlango gani?"

"Wa jikoni."

"Mimi nililala na majivu ya mume wangu nyuma ya mlango wa chumba changu," alisema, bado anamimina. "Nilikwambia nitakupa. Asubuhi nikaoga, nikavaa, nikakaa kitandani nikangoja ubishe hodi."

Kutoka nyuma mwanamke mmoja akauliza polepole, kama mtu anayehakikisha bei, "Yaani sisi tumepakwa choo?"

Nilitamani nirudi mavumbini papo hapo.

Nilimpeleka Afande Okiror zahanati kwa bodaboda. Mimi nilikaa nyuma, yeye katikati, kitambaa kilicholowa kimelala juu ya jicho, kiganja changu juu ya kitambaa. Mtu mrefu kama yule alikuwa anatetemeka mgongo mzima. Mwendesha bodaboda alitutazama kwenye kioo chake, misalaba miwili myekundu, akapunguza mwendo mwenyewe.

"Afande," nikamwambia sikioni, "nisamehe."

Akageuza kichwa kidogo.

"Mimi nimepigwa mawe," akasema. "Karamoja nimepigwa risasi ya mguu. Majivu sijawahi kupigwa."

Sikujua kama anatania. Nilicheka, halafu nikagundua kwamba nalia, na safari hii haikuwa chokaa.

Muuguzi akauliza kilichoingia. Nikamwambia. Akauliza nani alikiweka. Zahanati nzima ilinisikia nikisema, "Mimi. Ni katekista." Alinitazama muda mrefu kama mtu anayetafuta mahali pa kuandika jambo hilo kwenye fomu. Akaosha tena lile jicho, akatia dawa, akalimulika kwa tochi. Tulikaa kwenye benchi zaidi ya saa nzima tukisubiri lifunguke. Saa ile sikuhubiri. Sikusali hata sala ndefu. Nilikuwa narudia tu, jicho lake, jicho lake, jicho lake.

Likafunguka. Jekundu kama nyanya, lakini likafunguka. Muuguzi akanyanyua vidole.

"Unaona vingapi?"

"Viwili."

"Na huyu aliyekaa hapa?"

Afande akageuka akanitazama kwa jicho lile. "Huyo namuona vizuri kabisa," akasema.

Muuguzi alisema maji ya mwanzo ndiyo yaliyoliokoa. Mama angechelewa kidogo tu, habari ingekuwa nyingine.

Tuliporudi Namakwekwe nilidhani nitakuta kufuli. Nikakuta watu. Si wote, lakini zaidi ya nusu, wamekaa kwenye benchi zao, nyuso zimeoshwa, zimepakwa mafuta ya kujipaka. Mtoto yule amelala mgongoni. Mama Perpetua alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbele, chupa mapajani. Alitungoja tukae.

Hakupanda madhabahuni. Alisimama tu pale pale alipokuwa.

"Mimi si mhubiri," akasema. "Donato alichoma matawi ya majivu haya akiwa amekaa kwenye kigoda, miguu ilikuwa imekataa. Nikamwambia, acha, utapata nguvu. Akasema, Pepe, haya ni ya mwaka huu, na mwaka huu sina hakika nao. Akayasaga kwa mkono mpaka yakalainika. Yalimchukua siku mbili."

Nilidhani amemaliza.

"Kila mwaka tunaambiwa mtu ni mavumbi. Mwaka huu sihitaji kuambiwa. Nilisimama pale nikaona udongo unavyorudishwa. Ninachotaka kujua ni kama Mungu anakumbuka kila punje ameimwaga wapi. Naamini anakumbuka. Siku nyingine siamini. Leo nimekuja hivyo hivyo. Basi."

Ndugu zangu, mimi naandaa mahubiri wiki nzima. Nayagawa vichwa vitatu, naweka mfano wa kuchekesha na mfano wa kutisha. Hayo yake hayakufika dakika mbili. Nilitazama nyuma. Barasa alikuwa ameinamisha uso kwenye mikono. Wanawake hawakuvuta kamasi. Ni bati tu lililokuwa linalia kwa jua.

Nyuso zilikuwa na vidonda, hivyo alinyunyiza majivu juu ya vichwa. Kidogo kidogo, kwa vidole vitatu, kama mtu anayetia chumvi. Chupa ile ilitosha watu wote. Nilikuwa wa mwisho. Sikutaka kwenda, Afande akanisukuma kwa kiwiko.

Nilipiga magoti mbele yake.

"Mama, jana..." nikaanza.

"Jana nilikuona ukipima nyumba," akasema kwa sauti ya chini, ya mimi peke yangu. "Hatua ulizikosea. Ni fupi zaidi upande wa dirisha."

Akaninyunyizia.

Ibada ilipoisha, simu yangu ikalia. Padri. Nikaiweka kwenye kipaza sauti, sikuwa na nguvu ya kuishika sikioni.

"Augustino! Wamekupokea?"

Afande Okiror akaichukua mkononi mwangu.

"Padri, hapa mwenyekiti. Tumeongea. Mama Perpetua ataongoza mpaka Pasaka, halafu tutaongea tena."

"Na Augustino?"

"Tumemsamehe. Arudi Jinja."

"Na nyumba?"

"Nyumba ina mtu," akasema Afande, akakata simu ya padri. Sijawahi kuona mtu akikata simu ya padri.

Mama alinifungia mihogo ya njiani. Nilimwomba nimwoshee lile kopo, akakataa, akasema bado lina kazi yake. Nikaondoka na mfuko wangu na daftari la mahubiri yangu, kurasa kumi na nne. Njiani kutoka Mbale hadi Jinja hakuna abiria aliyekaa karibu nami. Mama mmoja Mkenya alinitazama uso, akaitazama Biblia, akahama kiti.

Nimefika Kimaka usiku huu. Mke wangu amefungua mlango, ameniangalia, ameufunga. Ameufungua tena.

"Hiyo itatoka lini?"

"Muuguzi amesema kabla ya Pasaka."

"Pasaka ya mwaka gani?"

Ndiyo hivyo. Nimeandika mwenyewe kabla Barasa hajawafikishia kwa njia ya barabara, maana madereva huongeza chumvi kila kituo. Kwa wale ambao bado hamjaamua mtafunga nini Kwaresima hii, wengine nyama, wengine pombe: nawaomba, kwa ajili yangu, fungeni kucheka.